Mzee au makaratasi, ana kwa ana au kwa simu: kuchagua njia ya kufuatilia historia ya familia iliyohama

Anayetaka kujua ukoo wake ulitoka nchi gani na kwa nini ulihama, mara nyingi huanzia mtandaoni. Anaandika jina la ukoo, anatokewa na watu elfu moja wenye jina hilo, siku ya pili amechoka. Na huku shangazi yake mwenye miaka 89 yupo, akili zake timamu, anakumbuka hata rangi ya sanduku walilosafiri nalo, ila hakuna aliyeketi naye akamuuliza.

Mtandao unafaa sana, lakini kwa kazi yake. Kinachowasumbua wengi ni kuchagua: waanze na nini, wamwendee mzee yupi kwanza, kwa njia ipi, warekodi au waandike. Nimelinganisha njia hizo hapa, na nitasema wazi ninayoipendelea kila mahali.

Wazee na makaratasi

Makaratasi yana nguvu kwenye tarehe, umri, bandari, jina la meli. Wazee wana nguvu kwenye sababu. Orodha ya abiria itakuambia kwamba kijana wa miaka 19 alipandia meli Hamburg, Ujerumani. Haitakuambia kwamba alikuwa anakimbia kuandikishwa jeshini, wala kwamba nauli aliitoa mjomba ambaye baadaye waligombana, jina lake likawa halitajwi tena nyumbani.

Wanaopenda nyaraka husema mzee husahau, karatasi haisahau. Ni kweli nusu. Chukua hadithi inayosimuliwa na familia nyingi za Marekani, kwamba jina la babu lilibadilishwa na afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, aliyeshindwa kulitamka. Kituo hicho kilifunguliwa 1892 na kufungwa 1954, na zaidi ya watu milioni 12 walipita pale. Maafisa wake hawakuwa wakiandika majina upya. Walikuwa na orodha mkononi, iliyoandaliwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia, na kazi yao ilikuwa kuhakiki. Majina mengi waliyabadilisha wahamiaji wenyewe baadaye, kazini, shuleni au walipoomba uraia. Kwa hiyo mzee akikusimulia hivyo, iandike hadithi yake kama ilivyo, halafu nenda katafute meli kwa jina la zamani.

Lakini geuza upande wa pili. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia Wachina kuingia nchini, nayo ikadumu hadi 1943. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi na moto vikateketeza vyeti vya kuzaliwa vya San Francisco. Wachina wengi wakapata mwanya: wakadai walizaliwa pale, kwa hiyo ni raia, na kwamba wana watoto China, ambao kama watoto wa raia waliruhusiwa kuingia. Nafasi za “watoto” hao ziliuzwa kwa vijana wasio ndugu zao kabisa. Kijana alikariri majina ya majirani wa kubuni, idadi ya ngazi za nyumba na kisima kilipo, kwa kuwa maafisa wa Angel Island, kituo cha wahamiaji cha San Francisco kilichofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1940, walimhoji kwa undani huohuo na kulinganisha majibu yake na ya “baba” yake. Faili lake leo lina kurasa nyingi, limepangwa vizuri, lina picha, na ukoo ulioandikwa humo si wake. Jina la kweli lilibaki vinywani mwa wazee. Mjukuu anayeamini makaratasi peke yake atajenga mti mzuri wa ukoo wa watu wengine.

Kuna pia pengo la makaratasi yasiyokuwepo. Jalada kuu la kumbukumbu za Ireland mjini Dublin liliteketea Juni 1922, na sehemu kubwa kabisa ya sensa za 1821 hadi 1851 ikaenda nalo. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibiwa vibaya na moto wa 1921. Orodha za abiria walioondokea Hamburg kati ya 1850 na 1934 zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa. Za Bremen, bandari nyingine iliyosafirisha wahamiaji wengi, nyingi hazipo. Ndugu wawili waliotoka kijiji kimoja wanaweza kuwa mmoja ana rekodi na mwingine hana, kwa sababu tu walipandia meli bandari tofauti.

Kwa upande wangu swali la nani aanze halina ubishi: mzee. Sababu si heshima tu. Makaratasi yanazidi kufunguliwa kadiri miaka inavyokwenda. Marekani hufungua sensa baada ya miaka 72, kwa hiyo ile ya 1950 ilipatikana Aprili 2022. Uingereza husubiri miaka 100, na ya 1921 ilitolewa Januari 2022. Ukisubiri miaka 10, utakuta nyaraka nyingi kuliko za leo. Wazee utakuta wachache.

Ila usiende mikono mitupu. Kabla ya kumwona mzee, tumia jioni moja kutafuta karatasi moja tu. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, haidai malipo, inataka ujisajili tu. Ukibahatika kupata orodha ya abiria walioingia Marekani baada ya 1907, itazame safu iliyouliza jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki kule msafiri alikotoka. Chapisha ukurasa huo kwa herufi kubwa, mwekee mzee mapajani, weka kidole kwenye jina hilo na umuulize, “Huyu ni nani?” Swali hilo moja lina uzito kuliko “Nisimulie habari za zamani,” ambalo mzee hulijibu kwa kucheka na kusema hakuna cha kusimulia.

Mara nyingine mambo hugeuka, mzee ndiye mwenye karatasi. Mauritius, ambako kuanzia 1834 karibu watu nusu milioni walipelekwa kutoka India kufanya kazi za mkataba, kila mhamiaji alipewa namba yake, na rejista zimetunzwa, nyingine zikiwa na picha. Familia yenye namba hiyo kwenye hati kuukuu chini ya sanduku imepiga hatua kubwa kuliko yenye jina tu, maana majina yaliandikwa kila karani alivyosikia.

Mzee mmoja peke yake, au kikao cha ndugu wote

Kikao kina raha yake. Mmoja akikwama mwingine anamalizia, wanakosoana, wanacheka, na wewe unapata majina mengi kwa muda mfupi. Picha za zamani ukizimwaga mezani mbele ya watu wanne waliokua pamoja, nyuso ambazo hakuna angezitambua peke yake zitapata wenyewe.

Hasara zake hazionekani pale pale. Mwenye sauti kubwa, ambaye si lazima awe mwenye kumbukumbu nzuri, hushika usukani. Wadogo hawambishii kaka mkubwa mbele ya watu. Baya zaidi, wakishasikilizana kumbukumbu zao huchanganyika: mama mdogo ambaye asubuhi angekuambia walifika wakati wa baridi, jioni baada ya kikao anasema kiangazi, kwa kuwa ndivyo kaka alivyosema, na hadanganyi, sasa ndivyo anavyokumbuka. Rekodi yenyewe nayo huwa kelele tupu, watu watatu wakisema kwa pamoja.

Halafu kuna yale yasiyosemwa kikaoni. Familia zilizohama zina mengi ya aina hiyo: mke wa kwanza aliyeachwa ng'ambo, mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, mtu aliyerudishwa kutoka bandarini kwa ugonjwa wa macho, kitambulisho cha kununua. Kati ya 1869 na miaka ya 1940 watoto zaidi ya 100,000 walipelekwa Kanada kutoka Uingereza kwenda kufanya kazi mashambani na majumbani, na wengi wao walizeeka bila kuwaambia watoto wao wa kuzaa walifikaje. Mambo kama hayo hutoka chumbani, mlango ukiwa umeegeshwa, na mara nyingi kwa mjukuu kuliko kwa mtoto. Sijui kama ni kwa sababu mjukuu hana kinyongo. Lakini kama wewe ndiye mtoto na unaona mama anakukwepa, mtume binti yako.

Basi anza na mmoja mmoja, kikao kifuate baadaye kwa ajili ya picha. Ukigeuza mpangilio huo, masimulizi manne tofauti uliyokuwa nayo yatakuwa yamebaki moja.

Na nani awe wa kwanza? Watu humkimbilia mkubwa wa umri. Mimi ningemtafuta kwanza yule ambaye afya yake inayumba, kisha yule aliyeishi na bibi au babu miaka ya mwisho, hata kama ni kitinda mimba. Kitinda mimba aliyebaki nyumbani akimuuguza mama mara nyingi amesikia mambo ambayo wakubwa waliooa na kuondoka hawakuyasikia. Usimsahau asiye wa damu: mke wa mjomba aliyeolewa kwenye ukoo huyaona mambo yenu kwa jicho la mgeni, na hana sababu ya kuyapamba.

Ana kwa ana, simu, au maswali ya kuandika

Ana kwa ana hushinda pale panapowezekana. Unaona mzee anapochoka, unaona mkono ukitetemeka akifika kwenye jina fulani, unajua uache. Lakini familia iliyohama ndiyo hiyo, imetawanyika, na mwenye kumbukumbu anaweza kuwa bara jingine.

Simu ya kawaida inafaa kwa mazungumzo mafupi ya mara kwa mara. Nusu saa kila Jumapili hutoa zaidi ya saa tatu za mara moja, kwa kuwa katikati ya wiki mzee anabaki akiwaza. Tatizo ni masikio. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, zile za s na f, na simu huzikata zaidi. Majina ya watu na ya vijiji ndiyo yanayoumia.

Simu ya video inaonekana kama suluhisho, na kwa kuonyeshana picha inafaa. Kasoro yake ni kwamba inahitaji kijana wa kushika simu upande wa pili, na kijana huyo, kwa nia njema kabisa, ataanza kumjibia mzee. Ukiitumia, mwombe aiegemeze simu kwenye kitu kisha akajishughulishe na mambo yake.

Maswali ya kuandika ni bora kwa mzee asiyesikia vizuri na kwa yule mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema. Tuma matatu tu kwa wakati. Orodha ya maswali 50 inafanana na fomu ya serikali, na itajibiwa hivyohivyo: ndiyo, hapana, sikumbuki.

Njia ninayoona inapuuzwa ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kumbukumbu haina saa maalumu. Mzee anaweza kukaa kimya mbele yako mchana kutwa, halafu saa nane za usiku usingizi umekataa, jina la meli likamjia. Akiwa amezoea kubonyeza kile kidude na kusema, asubuhi utaamka umelikuta. Mfundishe hilo kabla ya kumfundisha kitu kingine chochote kwenye simu.

Sauti, video, daftari

Hapa sitakaa sana. Sauti. Video huwafanya watu wavae vizuri, wakae wima na kusimulia toleo rasmi la maisha yao. Chukua video fupi ya uso na mikono kwa kumbukumbu, mengine yote rekodi sauti. Omba ruhusa kwanza, na useme rekodi itasikilizwa na nani. Simu iwe katika hali ya ndegeni isije ikalia katikati ya maneno, iwe juu ya kitambaa karibu na mzee, na redio ya jirani ya dirishani iwe imezimwa au mmehamia chumba kingine.

Daftari linabaki mkononi kwa kazi moja: tahajia ya majina. Andika, mwonyeshe, asahihishe.

Kitu kimoja ambacho wengi hukosea kukichagua ni lugha. Mjukuu anayezungumza lugha ya nchi waliyohamia humhoji bibi kwa lugha hiyo, na bibi hujibu kwa sentensi fupi za sokoni. Mwache aseme lugha yake ya utotoni hata kama huielewi. Sauti ipo, mtafsiri atapatikana. Mzee yuleyule akisimulia kwa lugha aliyochezea utotoni anakuwa mtu mwingine, na hadithi yake inarefuka mara mbili.

Kuuliza tarehe, au kuuliza tukio

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na haina gharama yoyote. Tazama njia mbili za kutafuta jambo lilelile:

“Bibi, mlihama mwaka gani?”
“Sikumbuki, mjukuu wangu. Zamani.”

Na hii:

“Bibi, mlipopanda meli mama mdogo alikuwa ameshazaliwa?”
“Alikuwa ananyonya. Alilia njia nzima.”
“Na babu mdogo?”
“Huyo alizaliwa tulipofika, kabla baba hajapata kazi ya reli.”

Bibi hajataja mwaka hata mmoja, na wewe umeshapata. Vyeti vya kuzaliwa vya wale ndugu wawili vitakubania safari katikati. Akili ya binadamu hutunza mambo kwa kuyafunga kwenye mambo mengine. Namba peke yake huteleza. Na kwa wazee walio wengi, miaka inayokumbukwa vizuri zaidi ni ile ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Kwa mtu aliyehama kijana hiyo ni bahati kubwa, maana safari yenyewe imeangukia mle mle. Anza hapo, usianze na utoto wa mapema wala na juzi.

Hata tarehe anayoikumbuka sawasawa inaweza kukuchanganya. Urusi ilitumia kalenda ya Julian, ile ya kale iliyo nyuma ya yetu ya leo, hadi 1918, na Januari 31 mwaka huo ilifuatwa na Februari 14. Ugiriki ilibadilisha 1923. Mzee aliyefundishwa siku ya kuzaliwa ya mama yake kwa kalenda ya kale, na cheti kilichoandikwa nchi mpya, watapishana siku 12 au 13 na wote wako sawa.

Nchi ni vivyo hivyo. Mji unaoitwa leo Lviv ulikuwa chini ya Austria-Hungary ukiitwa Lemberg, ukawa wa Poland ukiitwa Lwów, ukaingizwa Umoja wa Kisovieti, na tangu 1991 uko Ukraine. Babu anayesema alizaliwa Austria, kaka yake anayesema Poland na karatasi inayosema Urusi wanaweza kuwa wanazungumzia mtaa mmoja. Usiwasuluhishe. Muulize kila mmoja jambo lisilohamishwa na mipaka: mto uliitwaje, mji wenye soko ulikuwa umbali gani, walienda kuabudu wapi, walizikana wapi.

Picha hufanya kazi kuliko swali lolote, na si kwa ajili ya sura tu. Mpe mzee picha ngumu ya zamani, ile iliyogandishwa kwenye kadi nene, umwache aigeuze mwenyewe. Wapigapicha wa mwisho wa karne ya 19 walikuwa wakichapa jina la studio na mji chini ya picha au mgongoni mwa kadi. Familia nyingi zimekaa na jina la mji wao wa asili kwenye kabati miaka yote, likiwa limeelekezwa ukutani.

Na vipimo vya vinasaba?

Watu wengi sasa huruka mazungumzo na kutuma mate kwenye kampuni. Kipimo kinajua kisichojulikana na mzee yeyote, kwamba fulani wa nchi ya mbali ni binamu yenu. Binamu wa kwanza hushirikiana takriban asilimia 12.5 ya vinasaba. Ila kinaleta majina bila hadithi, na asilimia za “asili yako” kwenye ramani ni makadirio ambayo kampuni hiyohiyo huyabadilisha kila inapoongeza takwimu zake.

Ukiamua kupima, mpime mzee kabla yako. Mtoto hupata nusu tu ya vinasaba vya kila mzazi, kwa hiyo mama yako ana takriban mara mbili ya ulichonacho wewe kutoka kwa babu wa babu wa upande wake. Lakini aelewe anachokubali. Kipimo kinaweza kumwonyesha ndugu wa baba mmoja asiyemjua, na data zenyewe zina hatari zake: mwaka 2023 taarifa za watu wapatao milioni 6.9 waliopimwa na 23andMe zilivujishwa, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mzee asiyetaka, aachwe. Mazungumzo mnayo bado.

Kama una siku moja tu

Chagua mzee mmoja, ana kwa ana, asubuhi au alasiri kulingana na muda anaokuwa mchangamfu, sauti ikirekodiwa. Karatasi moja, picha tano au sita, basi. Anza na safari, siyo na ukoo. Saa moja na nusu inatosha. Akitaka kuendelea ni shauri lake.

Kabla hujaondoka, taja kwenye rekodi tarehe, mahali na jina kamili la aliyesimulia, maana miaka 20 baadaye atakayeisikiliza hatajua sauti hiyo ni ya nani. Hifadhi faili mahali pawili pasipokuwa simu yako, na nakala moja ibaki kwa mzee mwenyewe. Wengi huisikiliza usiku huohuo, na kesho yake hupiga simu kurekebisha mahali walipokosea.